Picha Mkekani: Mtoto wa Simiyu Aulizwapo Anachokiweza

Mwulize mtoto wa darasa la sita, katika shule yoyote iliyo nje kidogo ya mji wa Bariadi, ni jambo gani analoliweza vizuri, naye aghalabu atainamisha uso, atachora mstari mavumbini kwa kidole cha mguu, na mwisho atajibu kwa sauti ya chini kwamba hajui. Na ukilirudia swali kwa upole, atawatazama wenzake kana kwamba jibu liko kwao.

Lakini mtoto huyo huyo, ikiwa ni kiangazi, alfajiri ya siku ile kabla ya kengele ya shule alikwenda kwenye mchanga wa mto uliokauka, akachagua mahali pa kuchimba kwa kutazama rangi ya mchanga na majani yaliyosalia ukingoni, akafukua shimo lenye kina cha mkono wake, akangoja maji yajichuje polepole, akayateka kwa kata bila ya kuyatibua, akajaza ndoo na kuibeba kichwani mpaka nyumbani. Maarifa yale hayaulizwi na mtihani wowote wala hayamo katika ripoti ya mwisho wa muhula, na madhali hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia kuwa kuyajua yale ni kujua, ameyatia katika fungu la mambo yasiyotajwa, pamoja na kupumua na kulala.

Sasa tandika mkeka, uzipange juu yake picha ishirini hivi zilizochorwa katika kadi ngumu, pasiwe na maandishi hata herufi moja, na miongoni mwake iwemo picha ya shimo la maji mchangani. Usimwulize anachokiweza, mwulize anaona nini. Ataanza kwa kumsahihisha mchoraji: kata haishikwi hivyo, na mchanga uliofukuliwa hautupwi upande wa juu, kwa kuwa utarudi shimoni. Akishamsahihisha mchoraji, amekwisha kuanza kujieleza nafsi yake bila ya kujua.

Asili ya kadi

Mhariri aliponikabidhi mada hii alitaka nieleze iwapo kadi za picha, ambazo washauri nasaha na walezi wa vijana katika nchi nyingi huzitumia ili watu wapate kuzungumza juu ya fadhila na uwezo wao, zina nafasi katika mkoa wa Simiyu, au ni mtindo mwingine tu uliokuja na wafadhili na utakaoondoka nao. Swali ni la insafu, kwa maana mikoa ya Kanda ya Ziwa imekwisha kuona mitindo mingi ikija kwa magari meupe na kuondoka kwa magari yayo hayo.

Kadi za namna hii, kwa sura yake ya kisasa, zilipata umaarufu katika miaka ya 1990 kutoka mji wa Bendigo nchini Australia, ambako shirika la huduma za familia la St Luke's lilichapisha kadi zenye katuni, kila kadi ikibeba fadhila moja, kwa ajili ya familia zilizozoea kujiwa na maafisa wa ustawi wa jamii wenye orodha ya kasoro mkononi. Mwaka 2004 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, wakatoa kitabu kikubwa kilichopanga fadhila 24 za tabia katika mafungu sita, na tangu hapo orodha hiyo imegeuzwa kadi, mabango na michezo kwa lugha nyingi.

Hata hivyo Afrika Mashariki ilikwisha kuijua picha ya mkekani kabla ya hapo, na kwa njia iliyo karibu zaidi na maisha ya kijijini. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa elimu ya watu wazima, Lyra Srinivasan, pamoja na wenzake, walibuni mafunzo yaitwayo SARAR, yaliyotanguliza heshima ya mtu kwa nafsi yake, nguvu ya kushirikiana na werevu wa kujitafutia njia, kabla ya kugusa habari ya choo wala kisima. Kutokana na mafunzo hayo ikazaliwa njia ya usafi wa mazingira ijulikanayo kwa jina la PHAST, iliyojaribiwa tangu mwaka 1993 katika nchi za Kenya, Uganda, Botswana na Zimbabwe, na baadaye ikaingia Tanzania.

Picha za PHAST zilikuwa za mtungi usiofunikwa, za mtu anayenawa mikono, za mtoto anayejisaidia kichakani; na wanakijiji wakazipanga wenyewe katika mafungu matatu, mazuri, mabaya, na yaliyo katikati. Lile fungu la katikati ndilo lililozua mabishano, na mabishano ndiyo yaliyokuwa mafunzo.

> Usimwulize mtoto anachokiweza. Mwulize anaona nini.

Mkoa mpya, darasa kimya

Simiyu ni mkoa mchanga. Uliundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu kubwa ya Shinyanga na kipande cha Mwanza, makao yake yakawa Bariadi, na wilaya zake ni tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 1,584,157; sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 2,140,497, nayo ni ongezeko ambalo mzigo wake huonekana kwanza madarasani.

Ni nchi ya pamba na ng'ombe, ya miamba mikubwa na nyua za minyaa, na nyumba nyingi ni za Wasukuma, ambamo mtoto hukua akisema Kisukuma mpaka siku anapoingia shuleni na kukutana na Kiswahili kama mgeni anayetoa amri. Kimya cha mtoto yule mbele ya swali la mwalimu kwa hiyo si haya peke yake. Sehemu yake ni lugha. Na hapo ndipo picha inapopata haki ya kwanza, kwani huruhusu mtu kuonyesha kwa kidole kile ambacho maneno yake bado hayajakifikia.

Mkoa haukuwa umelala juu ya jambo hili. Mpango wa kuinua ubora wa elimu uitwao EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 2014, uliihesabu Simiyu miongoni mwa mikoa yake ya mwanzo, ukawatumia vijana wa vijijini kuwasimulia hadithi watoto ambao hawakupata elimu ya awali, na ukaanzisha shuleni klabu za JUU, yaani Jiamini Uwezo Unao, zilizokusudiwa hasa kuwatia wasichana nguvu ya kusema na kubaki shuleni. Mpango wa Shule Bora uliofuata nao unaifikia Simiyu.

Jina la klabu hizo ni zuri, nami nalipenda. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi wengi kuliko madawati akisimama mbele ya klabu na kuwaagiza wajiamini, wataitikia kwa pamoja kuwa wanajiamini, kisha watanyamaza. Kinachohitajika ni jambo la kuzungumza, na jambo hilo liwe ni lao.

Tukumbuke kinachowekwa mizanini. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake, asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18, kiwango kilichoushinda kila mkoa nchini. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya uzazi warudi darasani. Msichana arudiye hivyo huingia akiwa amebeba hukumu ya kijiji kizima, na maswali anayoulizwa na kila mtu ni juu ya alichokipoteza.

Ukuta wa Bayeye na duara la Angicos

Wako wasemao kuwa kumfundisha mtu kwa picha ni desturi ya kigeni. Hao wangekwenda kutazama kitabu alichochapisha Hans Cory mwaka 1953, bwana mwenye asili ya Austria aliyeitumikia serikali ya Tanganyika akichunguza mila, ambacho kimejaa michoro iliyokuwa katika kuta za nyumba za chama cha wacheza na nyoka, Bayeye. Ndani ya nyumba zile, mbali na macho ya wasiohusika, mwanachama mpya aliwekwa mbele ya picha za nyoka na mizimu akafundishwa siri na miiko ya chama. Usukuma basi ilikuwa na picha za kufundishia kabla ya karatasi ya manila kufika madukani.

Ila kuna tofauti moja kubwa. Picha ya Bayeye ilikuwa na maana iliyokwisha kufungwa: mkubwa aliijua, mdogo alipewa. Picha ya mkekani ninayoizungumzia hufanya kinyume, kwa kuwa aijuaye ni yule aliyeulizwa, na mwenye kuuliza ndiye anayejifunza.

Mgeuzo huo ulifanywa kwa umashuhuri na Paulo Freire wa Brazil. Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Angicos, wafanyakazi wapatao 300 walikusanywa katika maduara wajifunze kusoma, nao hawakuanza na herufi. Ilikuwa desturi ya Freire kuanza na picha, na za kwanza zilichorwa na msanii Francisco Brennand: mtu na kisima chake, mwindaji mwenye upinde, mwindaji mwenye bunduki, paka akiwinda, wafinyanzi wakifinyanga udongo. Mazungumzo juu ya picha hizo yaliwafikisha watu kwenye fikira moja, kwamba mwenye kufinyanga na mwenye kushona viatu ni muumba wa utamaduni sawasawa na mwenye kuandika kitabu. Wanajeshi walipotwaa madaraka mwaka 1964 walimtia Freire gerezani, picha zake zikachukuliwa, na ikambidi msanii mwingine, Vicente de Abreu, azichore upya. Watawala hawahofu picha ya mfinyanzi bila ya sababu.

Freire alifika Dar es Salaam mapema katika miaka ya 1970 akazungumza na watu wa elimu ya watu wazima, wakati nchi hii yenyewe ilikuwa katika jitihada kubwa. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na tangu mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulikuwa ukiendeshwa kutoka Mwanza katika mikoa ya Mwanza, Mara, Ziwa Magharibi na Shinyanga, yaani katika nchi hii hii ya Simiyu ya leo. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba. Wasiojua kusoma nchini, waliokuwa takriban asilimia 67 mwaka 1967, walishuka hadi takriban asilimia 27 mwaka 1977.

Siri ya ushindi ule haikuwa kampeni peke yake. Mtu aliyeshika kitabu cha pamba aliijua pamba kumshinda mwandishi wa kitabu, akakisoma kwa kiburi cha mtu anayekaguliwa katika kazi yake.

> Picha njema ni ile ambayo mtazamaji ana uwezo wa kuisahihisha.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ni ya adabu, nayo hutoka kwa wazee. Mtoto, wasema, hafundishwi kujitangaza; sifa ya mtu hutajwa na jirani yake, na mwenye kujisifu mwenyewe hana jirani. Naiheshimu hoja hii, na ndiyo maana njia iliyo bora ya kadi ni kumwacha mwenzako akuchagulie, kisha alazimike kueleza tendo alilokuona ukilitenda: siku gani, mahali gani, ulifanya nini. Fadhila isiyo na tendo nyuma yake ni neno tupu, na watoto hulitambua upesi kuliko walimu.

Lakini si kweli kwamba Msukuma hakuruhusiwa kujisifu. Kila mwaka baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hukutana uwanjani kushindana, na manju wa kila upande husimama mbele ya umati akatangaza ubora wake, wa ngoma yake na wa dawa zake kwa nyimbo alizozitunga mwenyewe, wala hakuna amwitaye mwenye majivuno, kwa sababu amesimama mahali palipoidhinishwa na hadhira ipo ya kumhukumu. Wazee wetu hawakukataza kujisifu; walikuwekea uwanja na majira. Mkeka wa kadi waweza kuwa uwanja wa namna hiyo kwa mtu ambaye hakujaliwa sauti ya nyimbo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema kuwa mtoto aliyekuja shuleni bila ya kula, akaketi sakafuni katika darasa lililofurika, hahitaji kuambiwa juu ya fadhila zake. Anahitaji uji na dawati. Na mkulima ambaye bei ya pamba imemwangusha hahitaji mtu wa kumwambia kuwa ni mvumilivu, anahitaji bei. Hapa sina jibu la kuipinga, wala sitaki kulitafuta. Ofisi yoyote itakayozigawa kadi za picha mahali pa madawati itakuwa imefanya dhuluma, na itakuwa dhuluma ya hali ya juu kwa kuwa itavaa vazi la heshima.

Ninachoongeza ni tukio moja la nchi hii. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ardhi kutoka Shinyanga hadi Meatu ilikuwa imevuliwa miti, kwanza kwa ufyekaji wa kikoloni wa kupambana na mbung'o, kisha kwa pamba na mifugo. Miche iliyoletwa na wataalamu haikuleta wokovu uliotarajiwa. Mambo yalibadilika wataalamu walipogeukia kile ambacho wenyeji walikuwa nacho tangu zamani, ngitili, yaani kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi, na ambamo miti huota yenyewe. Ngitili zilizojulikana mwanzoni zilikuwa za hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2004 zilipita hekta 300,000, na tuzo ya kimataifa ya Ikweta ikatolewa mwaka 2002.

Watu hawakuambiwa wajiamini. Waliulizwa wanajua nini, kisha wakapewa sheria, mafunzo na fedha za kukifanya walichokijua. Vitu viwili hivyo vilikwenda pamoja, na kadi zikiwa na kazi Simiyu, kazi yake ni katika kile cha kwanza tu.

Nani achore?

Hapa ndipo penye mgogoro halisi, ingawa husemwa kidogo. Kadi zilizochapishwa ng'ambo ni nzuri, zina rangi na hazichakai upesi, na mfadhili hupenda kuziona katika picha za ripoti. Lakini mtoto wa Itilima akipewa kadi ya mtu anayepanda mlima wenye theluji kwa kamba, ili iwe alama ya ushujaa, hana la kuisahihisha. Lililobaki kwake ni kukisia jibu ambalo mwalimu analitaka, naye atakisia, kwa kuwa shule imemzoeza kukisia.

Picha nayo haisemi lugha moja kwa watu wote. Mwaka 1960 mtafiti William Hudson alichapisha matokeo ya kuwaonyesha wafanyakazi wa Afrika Kusini michoro ya mwindaji, swala na tembo aliye mbali, akaona kuwa wengi ambao hawakusoma walimfahamu tembo yule kuwa mdogo na karibu. Wengine baadaye waliupinga ufafanuzi wake, na kwa haki. Lililobaki ni kwamba kina cha mbali katika karatasi ni mapatano ya wachoraji, na asiyeshiriki mapatano hawezi kulaumiwa kwa kutoyafuata.

Uganda kuna mfano wa kufuatwa. Katika milima ya Kasese, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Bukonzo Joint ulitumia njia ya mafunzo ya GALS, aliyoikuza Linda Mayoux, ambayo ndani yake wanachama, wengi wao hawajui kuandika, huchora wenyewe safari ya maisha yao, wanayoyapenda na wasiyoyapenda, na mti wa nyumba unaoonyesha nani anafanya kazi gani na nani anashika fedha. Michoro ni mibovu kwa macho ya msanii, na ndiyo inayozungumzwa kwa saa nzima.

Bariadi yaweza kuchora ya kwake, na si kwa gharama ya kutisha. Manila hupatikana dukani. Chaki za kuanzia kazi zatengenezwa Maswa. Mada hazina upungufu: kijana wa kuchunga anayejua ng'ombe gani amepungua bila ya kuhesabu, kwa kuwa anawajua kwa rangi na mabaka, bibi anayewatenganisha wagomvi wawili kwenye foleni ya kisima, msichana mwenye kukaa na mgonjwa usiku, mtoto anayemtafsiria mama yake zahanati, kutoka Kiswahili kwenda Kisukuma na kurudi.

Na iwemo picha ya watu waliozunguka lundo la pamba wakiichambua kabla ya kuipeleka kwenye ghala la chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS. Vidole hupita juu ya nyuzi upesi, jani kavu linatoka, tonge lenye madoa ya mdudu linatupwa upande wa fifi, jeupe upande wa pamba safi, na mwenye vidole hivyo hatazami tena. Ni mara ngapi tumemwita mtu wa namna hiyo kuwa hana elimu?

> Fadhila isiyo na tendo nyuma yake ni neno tupu, na watoto hulitambua upesi kuliko walimu.

Mwenye kusikiliza

Lipo jambo ambalo hakuna mchapishaji wa kadi awezaye kuliuza. Mazungumzo ya namna hii yanataka mtu mzima akae chini, aulize swali moja, kisha anyamaze muda mrefu kuliko anavyopenda. Maswali matatu yatosha: unaona nini hapa, ni nani unayemjua afanyaye hivi, na wewe je, lini ulifanya jambo linalofanana na hili? Mwenye haraka hurukia la tatu, na kupata kimya kile kile alichokianza nacho.

Aidha faragha ilindwe. Msichana aliyerudi shuleni na mtoto mgongoni akichukua kadi ya mama ambebaye mtoto, huenda akaeleza mambo ambayo kundi halipaswi kuyasikia. Mwenye kuongoza ajue kuyapokea, ajue ni nani wa kumpeleka kwake, na ajue kuacha. Kadi zisigeuzwe kipimo, zisihesabiwe alama, wala asiandikwe mtu kuwa ana fadhila saba na mwenzake tatu.

Na zikimaliza kazi zibaki kijijini. Shule ziziweke, vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa viziazime, na picha iliyokosewa ichorwe tena na yule aliyeiona kasoro.

Majira ya kuanza yapo. Kuanzia Juni mpaka Agosti pamba inauzwa, ngoma zinachezwa, watu wapo nyumbani, na vijana wana nafasi ya kukaa na wazee wachague pamoja mambo ya kuchorwa. Kazi hiyo ikisubiri mpaka Novemba, mvua za kwanza zikaja na majembe ya ng'ombe yakatoka, hatapatikana mtu wa kuketi mkekani mpaka palizi iishe.